Fundi au Msanii? Kazi ya Katani ya Magdalena Abakanowicz

Miaka michache iliyopita, katika chuo cha ualimu nifundishacho, tulikuwa tukisoma habari za sanaa na jinsi ya kuwafundisha watoto kuitazama. Nilikuwa nimekwisha kusema juu ya wachoraji na wachongaji, ndipo mwanachuo mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mama yangu husuka vyondo, na kwa vyondo hivyo nililipiwa karo tangu darasa la kwanza. Je, mama yangu ni msanii?" Darasa zima lilicheka. Mimi nami, kwa haraka ya kuendelea na somo, nilimjibu: "La, mama yako ni fundi." Aliketi, wala hakuuliza swali jingine siku ile.

Jibu langu lilikuwa fupi, na katika ufupi wake mlikuwa na kosa. Nilitoa hukumu juu ya kazi nisiyoiona. Mhakiki afanyaye hivyo hana tofauti na hakimu akataye kesi kwa kutazama nguo za mshtakiwa. Katika insha hii nataka kulirudia swali lile na kulipa haki yake. Kwa ajili hiyo nimechagua kuyatazama maisha ya kazi ya mwanamke mmoja wa Polandi, ambaye watu wenye elimu ya sanaa walimwuliza swali hilo hilo kwa miaka mingi. Jina lake ni Magdalena Abakanowicz. Nimemchagua, ingawa ni mtu wa mbali, kwa kuwa kazi zake zilizo bora alizifuma kwa katani, nyuzi za mkonge. Na mkonge huo kila mtoto aliyepita Mwatate, Vipingo au Mogotio ameuona umepandwa safu kwa safu hata macho yakachoka.

Yafaa niseme mapema kwamba kazi hizi nimezijua kwa picha. Picha humdhulumu mfumi kuliko imdhulumuvyo mchoraji, kwa kuwa humwondolea ukubwa, uzito na harufu. Lakini sehemu ya upungufu huo naweza kuijaza mwenyewe. Bibi yangu alikuwa akisokota katani juu ya paja lake kila jioni, nami nilikaa karibu naye nikimpa nyuzi. Naijua harufu ya katani ikilowa, na ukali wake mikononi. Najua pia kwamba uzi huu una ukaidi wake: ukiukunja leo, kesho utataka kusimama tena. Msomaji aukumbuke ukaidi huo, maana tutauhitaji mbele.

Abakanowicz alizaliwa mwaka 1930 huko Falenty, karibu na mji wa Warsaw, katika ukoo wa watu wenye ardhi. Vita vilimkuta angali mtoto. Mwaka 1943 askari wa Kijerumani waliokuwa wamelewa waliingia nyumbani kwao, wakampiga mama yake risasi. Mama aliokoka, lakini alipoteza mkono. Mwaka uliofuata, binti huyu wa miaka 14 alikuwa Warsaw akisaidia kuwauguza majeruhi hospitalini. Baada ya vita ulikuja utawala usiowapenda watoto wa wenye ardhi, na alipotaka kusoma sanaa ilimlazimu kuificha asili yake. Alisoma Sopot, kisha Warsaw, akamaliza masomo yake mwaka 1954.

Hakuanza kwa kufuma. Alianza kwa kupaka rangi juu ya vitambaa vikubwa, akichora majani, ndege na samaki wa namna yake mwenyewe. Mwaka 1960 alitayarisha Warsaw maonyesho yake ya kwanza, lakini wakuu waliyafunga, kwa kuwa waliona kazi zake zashughulikia umbo kuliko mafundisho waliyoyataka. Hapo watu wengi wangalikata tamaa. Lakini mfumi mmoja mwenye sifa, Maria Łaszkiewicz, alikuwa amekwisha kuziona kazi zile. Yeye ndiye aliyelitia jina la Abakanowicz katika orodha ya wasanii wa kupelekwa Lausanne, Uswisi, ambako mwaka 1962 yalifanywa maonyesho ya kwanza ya kimataifa ya vitambaa vya kutundika ukutani.

Sasa natutazame mahali pa kazi, maana wahakiki wengi huingia katika jumba la maonyesho bila kupitia karakana, na kwa hiyo huhukumu mkate bila kuijua tanuri. Abakanowicz na mumewe walikuwa na chumba kimoja tu cha kuishi. Katika chumba namna hiyo mchongaji wa mawe hawezi kufanya kazi, wala hana pa kuyaweka aliyoyamaliza. Lakini kitu kilichofumwa, hata kiwe kikubwa namna gani, hukunjwa kikawekwa pembeni au kikabebwa. Kazi aliyoipeleka Lausanne, yenye maumbo meupe, ilikuwa na urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2. Aliifuma katika karakana ya Łaszkiewicz, iliyokuwa chini ya nyumba, kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa na nafasi ya kusimamisha kitanda cha mfumi. Twaona basi kwamba ufinyu wa chumba ulikuwa mmoja wa walimu wake.

Wasiojua kazi hii na waelewe kwamba mfumi hutanda kwanza nyuzi za urefu, ziitwazo mtande, akazikaza juu ya kitanda chake. Kisha hupitisha nyuzi za upana, ziitwazo mshindio, moja chini moja juu, akazishindilia mpaka zishikane. Huko Ufaransa ilikuwa desturi ya miaka mingi kwamba mchoraji huchora picha kamili, kisha mafundi huifuata nyuzi kwa nyuzi, wala hawana ruhusa ya kuongeza lao. Mmoja afikiri, mwingine afume. Abakanowicz aliivunja desturi hiyo. Alifuma mwenyewe bila picha ya kufuata, na unene wa uzi, au ugumu wake, ulimwonyesha pa kwenda. Wako waliosifu na wako waliokunja uso. Yakini ni kwamba tangu siku hiyo fikira na mikono vilikaa katika mtu mmoja, na fundi hakuwa tena mtumwa wa mchoraji.

Baada ya Lausanne alikwenda mbele zaidi. Nyuzi nzuri zilikuwa ghali, kwa hiyo alikusanya kamba kuukuu za katani zilizotupwa bandarini. Alizifumua uzi mmoja mmoja, akazisafisha, akazitia rangi, kisha akazifuma upya yeye na msaidizi wake. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tutazamapo kitambaa kilichokamilika twapaswa kukumbuka siku nyingi za kufumua mafundo ya kamba iliyokwisha fanya kazi nyingine kabla ya kufika mikononi mwa mfumi. Yafaa pia tukumbuke kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa mbele ya nchi zote duniani kwa kutoa katani, na Kenya nayo ilikuwa ikiuza nyingi. Nyuzi zilizowasumbua vibarua wa mashamba yetu zilikuwa za aina ile ile iliyomfaa msanii huyu karibu na Mto Vistula.

Kwa katani hiyo alifuma vitu ambavyo havikuwa na jina. Havikuwa mazulia, wala mapazia, wala sanamu kwa maana iliyozoeleka. Mwaka 1964 mhakiki mmoja aliviita Abakan, kwa kulikata jina la mwenyewe, na jina hilo likabaki. Abakan huning'inia kutoka darini, mbali na ukuta, na nyingine zina kimo cha kama mita 4. Zina mikunjo, mifuko na nyufa. Mtu huzizunguka, na katika baadhi yake huweza kutazama ndani kama atazamavyo katika shina la mbuyu lenye pango. Ile iitwayo Abakan Nyekundu, ya mwaka 1969, ni duara kubwa la rangi nyekundu nzito, lenye ufa katikati na mikunjo itokezayo mbele kama kitu kinachotaka kufunguka.

Je, uzuri wake u wapi? Wengine hukimbilia habari za maisha yake, wakasema kwamba ufa ule mwekundu ni jeraha la mama yake. Mimi nawaonya wanafunzi wangu juu ya njia hiyo. Huenda maumivu ya mtoto yakaingia katika kazi ya mtu mzima, lakini wengi waliumizwa na vita wala hawakufuma kitu. Kazi yapasa kujieleza kwa yaliyomo ndani yake. Hapa ndipo ukaidi wa katani ulipo na maana. Pamba ingaliporomoka chini ikawa pazia, na hariri ingalimeremeta ikawa pambo. Katani yasimama kwa nguvu yake, na papo hapo yainama kwa uzito wake. Kwa hiyo kila mkunjo tuuonao ni mapatano kati ya mkono wa mfumi na tabia ya uzi. Mchongaji hulishinda jiwe, lakini mfumi huyu alikubaliana na uzi wake. Kwa sababu hiyo Abakan huonekana kama kitu kilichoota chenyewe, na mtazamaji hutamani kukigusa kabla hajajiuliza ni nini.

Njia ya kuonyesha nayo ilikuwa sehemu ya kazi. Kitu cha ukutani hutundikwa na mtu yeyote mwenye misumari, bali Abakan hubadilika kwa mahali inapoangikwa, kwa mwanga unaoipata na kwa jirani zake. Abakanowicz alipenda kuzipanga mwenyewe, akazikusanya kama miti ya msitu, watu wapite kati yake. Mwaka 1965 alipata nishani ya dhahabu katika maonyesho ya São Paulo, Brazili. Mwaka huo huo akaanza kufundisha katika chuo cha sanaa cha Poznań, akadumu hapo hata mwaka 1990. Alikuwa basi mwalimu mwenzetu, afundishaye huku akifanya kazi yake.

Lakini sifa hazikulimaliza swali. Mwaka 1969 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York lilifanya maonyesho ya vitambaa vya ukutani, na kazi ya Abakanowicz ilikuwamo. Maonyesho hayo yaliandaliwa na idara ya majengo na usanifu wa vifaa, wala si idara ya picha na sanamu. Maana yake ni kwamba hata mlango wa kuingilia ulichaguliwa. Louise Bourgeois, mchongaji mashuhuri, aliandika kwamba vitu vile vilipendeza, lakini ni mara chache vilipojikomboa kutoka katika upambaji. Picha au sanamu, kwa rai yake, humdai mtazamaji mambo mengi; vitambaa vile vilimdai machache.

Neno hili si la kupuuzwa, kwa kuwa msemaji hakuwa mgeni wa nyuzi. Wazazi wake huko Ufaransa walikuwa na kazi ya kutengeneza vitambaa vya kale vilivyochakaa, naye alilelewa katikati ya kazi hiyo. Isitoshe, kipimo alichokitoa ni kipimo cha haki. Hakuuliza, "Kimefanywa kwa nini?" Aliuliza, "Chanidai nini mimi nikitazamaye?" Kama ningalikuwa na kipimo hicho siku ile darasani, nisingalijibu nilivyojibu. Nakubali pia kwamba vitambaa vingi vya ukutani ni pambo tu, na pambo si dhambi. Ninapoachana na Bourgeois ni katika kukitumia kipimo chake juu ya Abakan. Kitu chenye kimo cha watu wawili, kinachoning'inia njiani, kilicho laini na kikali kwa wakati mmoja, hakimwachi mtu apite akiwaza mengine. Chamdai aamue kama atakaribia au atarudi nyuma. Hata Bourgeois mwenyewe, alipokuwa mzee, alishona sanamu za watu kwa vitambaa na kuzionyesha pamoja na kazi zake za mawe na chuma.

Sasa yapasa kutaja upande wa pili, kwa maana mhakiki asifuye tu ni kama yule amsifuye mgema mpaka tembo likatiwa maji. Katika miaka ya 1970 Abakanowicz aliuacha ufumaji. Alichukua magunia, akayashindilia katika kalibu pamoja na gundi ngumu, akapata maumbo ya watu. Kazi iitwayo Migongo, aliyoifanya kati ya mwaka 1976 na 1980, ina maumbo 80 yaliyoketi yameinama, bila vichwa, na kwa mbele yako matupu kama ganda. Kazi hii naipa heshima kubwa. Kalibu lilikuwa moja, lakini gunia halikubali kukunjika mara mbili kwa namna moja, kwa hiyo kila mgongo una mikunjo yake. Mtu ajuaye gunia, aliyewaona wapagazi wakilibeba au akalilalia mwenyewe, hahitaji kuelezwa kwa nini linafaa kuusema mgongo wa binadamu. Mwaka 1980, katika maonyesho ya Venice huko Italia, aliongeza mamia ya vifurushi vya magunia na nyuzi, vingine vidogo kama viazi na vingine vikubwa kama majabali, vimetapakaa sakafuni.

Lakini baadaye alianza kuyafanya maumbo ya watu kwa shaba na chuma. Mwaka 2006 aliweka Chicago, Marekani, watu 106 wa chuma wasio na vichwa, warefu kupita binadamu yeyote, wamesimama na wengine watembea, kila mmoja na njia yake. Kazi hiyo huogopesha, na faida yake ni wazi: chuma hustahimili mvua na theluji, na katani haistahimili. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kitu kimepotea. Juu ya chuma twaona alama za mikunjo, lakini mikunjo yenyewe haimo tena. Katika Abakan uzi ulikuwa ukisema na mkono. Katika chuma mkono wasema peke yake, na kwa kurudia umbo lile lile mara nyingi sauti yake huanza kuchosha. Naamini kwamba wazao watamkumbuka kwa katani na gunia kuliko kwa chuma.

Abakanowicz alifariki Aprili 2017. Kuanzia Novemba 2022 hata Mei 2023 Abakan zake zilikusanywa London, katika jumba la Tate Modern, zikaangikwa kama msitu alioutaka. Hakuna aliyeuliza mlangoni kama ziingie kwa idara ya vifaa au kwa idara ya sanamu.

Natuirudie basi safari ya nyumbani, tulikoanzia. Kiondo cha Mkikuyu au cha Mkamba hakihitaji kitanda cha mfumi. Mwanamke husokota nyuzi juu ya paja, huanzia kitako, akazunguka akipanda mpaka mdomoni, na mistari ya rangi huihesabu kichwani bila kuiandika. Yeye naye ni mchoraji na mfumi katika mtu mmoja, na hali hiyo ambayo Ulaya iliistaajabia mwaka 1962 kwetu ilikuwa desturi ya kale. Je, hii yatosha kukifanya kila kiondo kuwa kazi ya sanaa? La. Kumwita kila msusi msanii ni kumbembeleza, na kubembeleza ni dharau iliyovaa nguo nzuri. Kiondo kimesukwa kibebe, na cha kwanza cha kukiuliza ni kama chabeba bila kukatika. Kiondo kibebacho vema kina heshima kamili, wala hakiombi jina jingine.

Lakini baada ya swali hilo yako mengine matatu, nami nawaachieni ninyi wanafunzi myachukue popote mtakapokwenda, iwe mbele ya kiondo, kinyago, kanga au jengo. La kwanza: je, mwenye kazi hii ameielewa tabia ya kitu alichokitumia, au amekilazimisha kuigiza kitu kingine? La pili: je, pana mahali ambapo mkono wake ulichagua, pale ambapo desturi ingalimruhusu kufuata tu? La tatu ni lile la Bourgeois: je, kazi hii yanidai kitu, au yanipendeza kisha yaniacha nilivyokuwa? Kazi ijibuyo ndiyo katika maswali yote matatu ni sanaa, hata kama imesukwa kwa katani na kuuzwa sokoni kando ya viazi. Na kazi isiyojibu haitakuwa sanaa kwa kuning'inizwa katika jumba la makumbusho.

Mwanachuo yule sasa ni mwalimu, na hapana shaka amekwisha kuulizwa maswali yake na watoto. Sijui kama alinisamehe kicheko cha darasa lile. Lakini lau swali lake lingaliulizwa leo, nisingalisema ndiyo wala la. Ningalimwambia: "Tuletee kiondo kimoja cha mama, tukiweke juu ya meza, tukitazame." Na wenzake ningaliwaomba waje karibu.